Taarifa ya Mwaka

Mwaka wa falaji haufunguliwi na kalenda.
Unafunguliwa siku tende za mwisho zikishaanuliwa,
na Mafudhi bin Sleyyum akapita mlango kwa mlango
na lile daftari la gamba la kijani kwapani:
“Kikao baada ya alasiri. Sabla ni yetu, kahawa ni ya kwenu.”

Tulikuja kumi na mmoja. Mwaka jana tulikuwa kumi na wanne.
Watatu hao siwataji; wamo ukurasa wa nyuma,
chini ya “michango ya sanda.”

Karani ni mimi. Naandika Kiarabu, kulia kwenda kushoto,
lakini hesabu naijumlisha kichwani kwa Kiswahili
kama nilivyofundishwa Wete, kwa vijiti,
na hapa Ibra haijapata kunitupa.

Haya, mapato.
Athari thelathini na mbili zimekodishwa kwa mnada,
na athari moja ni nusu saa ya maji, basi:
ukipiga chafya mara tatu,
mtende wa jirani umekwisha kunywa.
Zamani tulipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota.
Siku hizi kila mtu ana simu,
na kila simu ina saa yake, na ugomvi wake.

Matumizi.
Saruji. Ngazi mpya, ile ya zamani imeoza.
Kofia ngumu mbili, baada ya lile jiwe la mwezi wa nne.
Mita mia tatu na arobaini za handaki zimezolewa tope.
Taa ya makaburini.
Masufuria ya harusi yametiwa bati upya;
moja halijarudi, na aliye nalo anajijua.
Na kibao chini ya daraja, maneno ni yangu:

    Ewe mwosha gari hapa,
    maji si kitu cha pupa,
    yamechimbwa kwa mifupa:
    faini riali tano.

Hajalipa mtu. Lakini na magari hayaji.

Mengineyo.
Maji ya Jumanne, saa nane usiku hadi saa nane u nusu,
ni ya Harith, aliyehamia Maskati
akatuachia bustani ya mashina matupu.
Ila kuna mkono unaofungua kizuizi chake kila wiki,
na nyuma ya chumba cha pampu pameota mchicha,
na maboga, makubwa, ya kutia aibu.

Tulijua ni Rofikul,
aingiaye handakini kwa niaba yetu
sisi wenye maji na magoti mabovu.
Alikuwa amekaa pale mlangoni, anangoja kusaini ujira wake.
Basi tukageuza ulimi. Kiswahili ndio ukuta wetu,
twaujenga upesi wageni wakiwa karibu.
Mmoja akasema wizi.
Mwingine akasema nusu saa ni nusu saa.
Humudi akasema maji yasiyo mwenyewe hurudi kwenye falaji,
na falaji ina wenyewe, na wenyewe ndio sisi.
Kahawa ikapoa.

Rofikul akatua kikombe chini, taratibu.
“Miaka kumi na moja,” akasema,
kwa Kiswahili chetu hiki hiki, cha Pemba, na lafudhi ya kwao Sylhet juu yake,
“miaka kumi na moja nawasikia mwagombana.
Boga moja nilimpa mkeo, Mafudhi.
Umelila Ijumaa. Ukasifu.”

Kukawa kimya cha kusikia maji.
Kisha Humudi, Humudi asiyecheka, akacheka mpaka kilemba kikamwendea upande.

Azimio la tisa nililiandika kwa Kiarabu safi:
“Maji ya Jumanne yamekaguliwa.”
Halafu kwa penseli, pembezoni, herufi ndogo,
kwa lugha nisiyoulizwa na mkaguzi yeyote:
aongezewe ndoo.

Bakaa, riali sitini na mbili na baisa mia tatu.
Tulifunga kwa dua.
Ngazi imepungua vipago viwili; tutaiunga.